Siki, dakika moja, na wiki zilizofuata

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kwa miaka 14 wanawake wamevua magauni nyuma ya pazia la kibanda changu bila wasiwasi, maana wanajua nikishika futi sina habari na kitambi cha mtu. Kumbe kukaa upande wa pili wa pazia ni shughuli nyingine kabisa. Hilo nimelijua mwaka jana, nilipokwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka 41.

Siyo kwamba nilikuwa sijui. Shangazi yangu alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma miaka mingi. Tulicheka naye, akasema usichana umemrudia. Akanywa dawa za mizizi mwaka mzima. Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, alipigwa mionzi, lakini ugonjwa ulishatangulia. Mionzi ilimpunguzia damu na maumivu tu. Tulimzika 2016. Pale msibani kila mwanamke wa ukoo aliapa atakwenda kupima. Hakwenda mtu. Mimi nilikuwa na visingizio vyangu: sare za shule zina msimu wake, harusi zina msimu wake, na siku ambayo haina msimu niko hedhini.

Aliyenitoa ndani ni wifi yangu. Tulianza na kituo kimoja ambacho sitakitaja. Tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita, ndipo tukaambiwa nesi wa kipimo hicho yuko semina. Wifi alisonya mpaka mlinzi akageuka. Jamani, mtu amejikaza miaka yote hiyo halafu unamrudisha nyumbani hivihivi! Kama si wifi kunishika mkono tena wiki iliyofuata, kwenye kituo kingine, hadithi ingeishia kwenye lile benchi.

Wifi alishanipa masharti: usije ukiwa kwenye siku zako, siku mbili kabla usikutane na mumeo, usijisafishe ndani wala kuweka dawa yoyote ukeni. Na vaa dera au sketi pana, suruali utaiona mzigo. La khanga nimeongeza mwenyewe. Beba khanga yako ya kujifunika, usitegemee shuka la pale.

Tulikuwa wanawake sita. Nesi alitukalisha kwanza akafungua picha kubwa, akaeleza. Ugonjwa huu unatokana na kirusi kiitwacho HPV, kinapita kwenye kujamiiana, na karibu kila aliyewahi kujamiiana anakipata wakati fulani maishani. Miili mingi inakifukuza yenyewe. Kikikaa miaka, ndipo chembe za mlango wa kizazi zinaanza kubadilika taratibu, na mpaka zije kuwa saratani inaweza kupita miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 tu. Kwa hiyo wao wanaanza kupimwa mapema na wanarudi mara nyingi kuliko sisi.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Sasa mwanangu, mume wangu alikufa zamani. Mimi nipime cha nini?"

Nesi akamjibu kwa upole, "Bibi, kirusi hakikufa naye."

Tukanyamaza wote.

Chumbani niliambiwa nikajisaidie haja ndogo kwanza, nikarudi, nikavua nguo ya ndani nyuma ya pazia, nikapanda kitandani. Sogea chini. Sogea tena. Makalio yafike ukingoni kabisa. Nesi mwenyewe binti mdogo tu, sidhani kama alifika miaka 30, na kwa heshima zake akasimama pale miguuni kwangu akasema, "Shikamoo mama." Magoti yangu yako pande mbili za chumba. Tangu nianze kuamkiwa, sijawahi kuitikia marahaba ngumu kama ile.

Kifaa chenyewe, spekulamu, alinionyesha kabla. Fikiria mdomo wa bata, unaingia umefumba halafu unafumbuka ndani ili aone mlango wa kizazi kwa taa. Cha kwake kilikuwa cha chuma, alikipitisha kwenye maji ya uvuguvugu. Sitawadanganya kwamba sikusikia kitu. Unasikia kujaa na kubanwa, na ukijikaza ndiyo unaumia zaidi. "Vuta pumzi mama, legeza makalio." Nikilegeza, kunapungua. Nikikumbuka niko wapi, najikaza tena.

Halafu akachovya pamba kwenye siki. Ndiyo, siki, ila ya hospitali iliyopimwa, siyo ile ya dukani. Harufu ilivyonifikia nikakumbuka kachumbari, nikataka kucheka. Akapaka, ikachonyota kidogo. "Sasa tunasubiri dakika moja."

Nikahesabu mbao za dari. Nikafika ya 11.

"Mama, kuna doa naliona."

Moyo ulitoka ukaenda moja kwa moja mpaka kwa shangazi. Nesi hakuniacha huko. Aliweka mkono kwenye goti langu juu ya khanga, akaeleza, na nilichoelewa nakieleza kifundi. Kuna vitambaa viwili ukivitazama ni sawasawa, muuzaji anakuapia vyote ni pamba. Fundi anachomoa uzi anauchoma. Wa pamba unakuwa jivu, wa poliesta unayeyuka unagandamana. Jicho peke yake linadanganywa. Na siki ni hivyohivyo: chembe nzima zinabaki na rangi yake, zilizobadilika zinageuka nyeupe. Kwa hiyo doa jeupe siyo saratani. Ni uzi ulioanza kubadilika kabla nguo haijaharibika. Angeona kitu kinachofanana na saratani yenyewe, au doa kubwa, angenipa rufaa hospitali nikakatwe kinyama kikapimwe. Langu lilikuwa dogo na linaonekana lote, linatibika palepale.

Akaniuliza kama nataka siku hiyo au niende kuzungumza na mwenzangu kwanza. Nikamwambia, mwanangu, nikishuka kitanda hiki hunioni tena.

Alitumia kifaa cha joto chenye kichwa kidogo cha duara. Sehemu nyingine wanagandisha kwa gesi, wanaita tiba mgando. Joto halikumaliza hata dakika moja. Tumbo lilininyonga kama siku ya kwanza ya hedhi, jasho likanitoka mgongoni, basi. Sikutozwa hata senti. Wifi alikuwa nje na soda ya moto, alisahau kuiagiza ya baridi kwa wasiwasi.

Mpaka hapo watu wengi wanaweza kukusimulia. Wanasimulia kitanda, wanasimulia bata, wanakwambia haiumi. Wiki zilizofuata hakuna aliyenisimulia, na ndizo zilizonitoa jasho.

La kwanza ni maji. Unatoka maji, siyo kidogo, kila siku, kwa wiki kadhaa. Nesi aliniambia, lakini kuambiwa siyo kulowa. Siku ya tatu nilisimama kutoka kwenye cherehani mbele ya mteja nikarudi kukaa haraka. Pedi za dukani zilikuwa zinanimalizia hela ya uzi, nikakata vipande vya flaneli laini vilivyobaki kwenye nguo za watoto, nikashona tabaka nne, kwa chini nikaweka kitambaa kisichopitisha maji. Nilishona 12. Nikivifua naanika juani kwenye kamba ya uani, kweupe, majirani na waseme. Kitu cha kuingiza ndani ni marufuku, na kujisafisha ndani ni marufuku. Nesi alisema nikiona homa, maumivu makali ya tumbo, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, nisisubiri tarehe, nirudi siku hiyohiyo. Sikuona.

La pili ni nyumbani. Hakuna kukutana kwa wiki nne mpaka sita, kidonda kipone. Mume wangu ni dereva wa malori, anakaa njiani wiki mbili, anarudi siku tatu. Nilimwambia usiku ule aliporudi. Alisimama mbele ya kalenda ya benki ukutani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Halafu akauliza lile swali nililokuwa nalingoja: "Hicho kirusi umekipata wapi?"

Na mimi nilikuwa na langu tayari. Dereva wa malori ananiuliza mimi! Ulimi ulishafika kwenye meno. Ila nesi aliniachia neno moja mlangoni: kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, tangu ujana wako au wake, na hakuna kipimo cha kusema nani alimletea mwenzake. "Usikifanye ushahidi wa mahakamani, mama." Nikamrudia maneno hayohayo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama iliuma. Sikumjibu mara moja, nilikuwa bado na hasira. Baadaye nikamwambia, kidogo.

Binti yetu alikuwa anasikiliza, naona. Yeye alichanjwa shuleni alipokuwa na miaka 14. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Wakati ule mitaani walisema inafunga kizazi, na mimi nusura nimfiche nyumbani siku ya chanjo. Mwalimu wake alinikalisha chini. Akifika umri wa kupima naye atapima, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Mwaka ulipofika nilirudi. Siki, dakika moja, mbao za dari. Safari hii hakukuwa na weupe wowote.

Kadi nimeichomeka kwa pini kwenye ubao wa kibandani, katikati ya vikaratasi vya vipimo vya wateja, ili tarehe ya kurudi isinipite. Juzi alikuja dada mmoja kupimwa gauni la sendofu, akaiona.

"Hiki kipimo cha nani?"

Nikamwambia changu. Akavuta stuli.