Siku Moja Maishani Mwangu: Miksi Tatu za Albamu Moja

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti majumbani hapa Dar es Salaam, na leo naenda kumalizia sebule moja ya Mbezi Beach: spika tano, sabufa, na spika nyingine nne za darini. Kwenye mkoba nina futi, maiki ya kupimia na diski za albamu moja, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza. Mafundi wengi wakishafunga mtambo humwekea mteja filamu ya vita, mabomu yalie, mteja afurahi, walipwe. Mimi naiamini zaidi albamu hii. Alan Parsons, fundi aliyeirekodi pale Abbey Road, aliitengenezea miksi ya spika nne, yaani alipanga kila sauti itoke spika ipi, mwaka ule ule wa 1973 ilipotoka. Fundi mwenzake, James Guthrie, akaifanyia ya 5.1 (spika tano na sabufa) mwaka 2003, na mwaka 2023 ikatoka yake ya Atmos, inayotumia pia spika za darini. Nyimbo ni zile zile, waimbaji ni wale wale, ila kila miksi inakukalisha mahali tofauti. Chumba kikiwa na kasoro, mojawapo itaifichua.

Saa 3. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, chai ipo." Mwenye nyumba ni mstaafu aliyesoma Uingereza miaka ya sabini, na santuri ya albamu hii anayo tangu enzi hizo. Sofa limeegemezwa ukutani, kama kwenye sebule zetu nyingi, na hapo ndipo sauraundi, sauti ya kukuzunguka, inapofia. Spika za pembeni zinatakiwa kuwa nyuma kidogo ya masikio, kama nyuzi 110 ukihesabu kutoka mbele ya msikilizaji. Mgongo ukiwa ukutani, hiyo nyuma haipo.

"Mzee, naomba tulivute sofa mbele."

"Mama atauliza nani kaharibu sebule yake."

"Nitamweleza mwenyewe, mzee."

Tukalivuta. Nikapima: spika ya mbele kushoto iko mita 3 kutoka kichwani kwa msikilizaji, ya pembeni kushoto mita 1.7. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde, kwa hiyo ile ya karibu inamfikia karibu elfu nne za sekunde mapema. Ni muda mdogo mno, lakini sikio halina mchezo: sauti iliyotangulia ndiyo inayoamua muziki unatokea wapi. Gitaa lililopangwa kukaa kati ya spika hizo mbili litavutwa lote upande wa pembeni. Nikaingiza umbali kwenye risiva, mashine inayoendesha spika zote, ili iicheleweshe ile ya karibu, kisha nikasawazisha ukubwa wa sauti, kila spika ifike desibeli 75 pale pale kwenye kiti cha mzee.

Saa 6. Jaribio la kwanza ni mapigo ya moyo yanayofungua albamu. Yasisikike yakitoka kwenye kona ya sabufa; yakisikika hivyo, sabufa imezidishwa. Nikaipunguza kidogo kidogo mpaka mapigo yakawa ya chumba kizima.

Saa 7. Wali, samaki wa kupaka na mchicha. Mzee akauliza kama tutawahi kumsikia Mbaraka Mwinshehe namna hii. Swali hilo huniuma kila ninapoulizwa. Miksi ya spika nyingi kwa kawaida hutengenezwa kutokana na tepu ambazo kila chombo kimerekodiwa kwenye njia yake. Nyimbo nyingi za zamani za Redio Tanzania zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Besi, tumba na tarumbeta zimeshaungana humo. Si rahisi kulichukua gitaa peke yake ukalipeleka nyuma.

Saa 8 hadi saa 10, kusikiliza. Tukaanza na ya Parsons. Zile saa zinazolia mwanzoni mwa "Time" alizirekodi mwenyewe, moja moja, kwenye duka la saa, akikusanya sauti za kuonyesha uwezo wa spika nne. Hapa utaelewa kwa nini alijisumbua, maana zinalipuka kutoka kila kona na wewe uko katikati yao. Kwenye "Money", sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia pesa vinazunguka chumba vikipokezana. Roger Waters, mpiga besi wa bendi, alianza kwa kurusha sarafu kwenye bakuli la mkewe aliyekuwa mfinyanzi, na duru ya tepu yenye sauti hizo, kipande kinachojirudiarudia, ikatengenezwa tena ili kila sauti iweze kupewa kona yake. Mzee akawa anageuza kichwa kuifuata. Na kufikiria kwamba wakati ule wengi hawakuweza kuisikia hivi! Kampuni zilikuwa zinashindana kwa mifumo ya spika nne isiyoelewana, SQ, QS na CD-4, na kwenye santuri ya SQ njia nne za sauti zilikandamizwa kuwa mbili, kwa hiyo zikifunguliwa zinavujiana. Sisi tunasikiliza nakala ya diski ya 2011, njia zote nne zikiwa kamili.

Kisha ya 2003. Guthrie ana mkono mtulivu zaidi. Hakurushirushi, anakuzungushia hewa ya studio, na besi imesimama imara. "The Great Gig in the Sky" naipenda zaidi hapa, kwa sababu sauti ya Clare Torry, mwimbaji wa wimbo huo, inapopanda hakuna kitu kinachokuvuta utazame nyuma. Ya Atmos inaongeza dari. Nafasi ni kubwa zaidi, kila chombo kinapumua, na "On the Run" inapita juu ya kichwa.

Mzee akachagua Atmos. Mimi bado namshika Parsons kwa "Time" na "Money", na Guthrie wa 2003 kwa nyimbo za taratibu. Spika za darini ni tamu, lakini ukiniambia nichague kati ya hizo nne na nafasi ya kutosha nyuma ya sofa, nachukua nafasi.

Saa 11. Mzee anataka kutumia intaneti tu, aachane na diski. Nikamwekea Abbey Road ya Beatles, ile waliyoichanganya upya Giles Martin na Sam Okell mwaka 2019, kwanza kwa intaneti, halafu kwa Blu-ray. Kwenye "Because", John, Paul na George waliimba pamoja mara tatu, sauti tisa kwa jumla. Atmos ya intaneti hubanwa hadi kilobiti 768 kwa sekunde. Ya diski haipotezi kitu. Kwa intaneti nilisikia kwaya nzuri. Kwa diski niliweza kumfuata mwimbaji mmoja mmoja.

"Basi niagizie diski," mzee akasema, "na hilo sofa libaki hapo hapo."