Euro 25 za Ayasofya zilivyonipeleka msikiti wa bondeni

Pale Ayasofya, Istanbul, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, foleni ya watalii ilipinda mpaka uwanjani, na kufika dirishani bei ni euro 25. Zaidi ya shilingi 70,000 zetu jamani, kupanda roshani ya juu tu kuangalia picha za ukutani za vijiwe vya dhahabu! Mwenye kuja kusali anaingia bure kwa mlango mwengine anabaki chini, basi nikasali adhuhuri yangu humo ndani ya jengo la tangu mwaka 537, nikaangalia kuba mpaka shingo ikauma, ya roshani nikawaachia wenye nazo.

Kijana wa gesti ndo akanambia teremka kule kuelekea baharini, iko Küçük Ayasofya, yaani Ayasofya ndogo, hailipiwi hata senti. Nayo ilikuwa kanisa la watakatifu Sergius na Bacchus, kalijenga mfalme Justinian, yule yule aliyejenga Ayasofya kubwa, kisha zama za Sultan Bayezid wa Pili likageuzwa msikiti.

Ndani palikuwa kimya, mzee mmoja tu anavuta tasbihi. Nikamtolea salamu, akainuka akanishika mkono kama tunajuana, Kituruki sijui na yeye Kiswahili ndo kabisa, akawa ananionesha kwa kidole. Vichwa vya nguzo! Marumaru imechongwa imetobolewatobolewa kama kofia ya viua, ukitazama vizuri unaona herufi za jina la Justinian na za mkewe Theodora zimefumwa mle mle. Juu yake mstari wa maandishi ya Kigiriki umezunguka ukumbi mzima, unamsifu Mtakatifu Sergius, na watu wanasali chini yake kama miaka 500 sasa hakuna aliyeubandua. Nikaukumbuka msikiti wa Kizimkazi kwetu Unguja, yale maandishi ya kufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, ya mwaka 1107, jinsi wazee walivyoyalinda chini ya paa la mabati.

Halafu mzee akanivuta mbele anioneshe mihrabu. Imekaa upande! Kanisa linatazama mashariki, kibla cha Istanbul kiko kusini zaidi, kwa hiyo kuta zinaelekea huku na mihrabu inaelekea kule, ukisimama kwenye safu mwili wako umekaa mshazari na jengo zima. Hili lilinishika kuliko dhahabu yote ya kule Ayasofya kubwa. Sisi Unguja tukisali tunaelekea kaskazini, hapa naelekea kusini, Makka ipo katikati, na mbele ya Makka ukizidi kushuka ndo kwetu, mama saa hizo na yeye yuko kwenye mswala wake anatazama huku niliko. Nilisali alasiri pale pale na nikaikawiza sijda.

Tukatoka uani tukanywa chai kwenye vile vyumba vya madrasa ya zamani, mzee akalipa, nilivyotoa pochi akakasirika kweli. Zile euro 25 nilikula samaki na mkate pwani ya Eminönü na zikabaki za tramu siku zote zilizosalia.