Usiku jina la Mama liliposomwa redioni, Mwanza 1979

Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, watu wengi wanavikumbuka kwa ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Na mimi naikumbuka, ila kwetu Mwanza vita viliingia ndani ya nyumba kwa miziki na salamu za Radio Tanzania zaidi kuliko kwa taarifa ya habari. Taarifa ya habari inakwambia vijana wetu wanasonga mbele, basi, haisemi nani wala wapi, na ni haki yake maana ndo vita, lakini mama mwenye mtoto kule anaondoka na nini hapo?

Kaka yangu mkubwa alienda na mgambo. Mama alikuwa anafuma nguo Mwatex, kiwanda cha nguo cha pale Mwanza, mimi nipo darasa la tano. Redio yetu ilikuwa National, ile Mkulima, mfuniko wa nyuma ulishapotea siku nyingi betri zimebanwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Zikichoka tunazianika juani juu ya bati, jioni zinakuwa zimepata nguvu kidogo, ya kutosha habari za saa mbili na nyimbo mbili tatu. Kuwasha ovyo ilikuwa marufuku.

Na nyimbo zilikuwepo jamani! Bendi za dansi, kwaya, taarabu, watu wa ngonjera, kila mtu alikuwa na lake la kumwambia nduli Amin. Huku bara redio ilikuwa hiyo hiyo moja, kwahiyo unachosikia wewe Mwanza na mtu wa Mtwara anasikia, na askari aliyelala kwenye handaki huko mpakani kama ana redio na yeye anasikia dakika ile ile. Hilo ndo lilikuwa linamshika Mama. Alikuwa anasema wimbo ukipigwa, "huu na yeye anausikia", halafu anaongeza sauti hata kama betri zinakufa.

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin ikaja kupiga Mwanza, ikakosa mji, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane yakaua swala. Tokea hapo usiku ni giza, taa hakuna, mtu akiwasha kibatari dirishani anapigiwa kelele na mtaa mzima. Ndo siku hizo hizo, jioni moja Mama yuko shifti ya usiku, nikapelekwa na jirani yetu Baba Neema, fundi mitambo pale pale, nimpelekee chakula.

Mtu ambaye hajaingia kiwanda cha nguo hawezi kujua zile kelele. Mashine zinapiga mpaka kifua kinatetemeka, mtu amesimama pembeni yako humsikii, wafumaji wanaongea kwa mikono na kwa kusomana midomo, Mama hata nyumbani alikuwa anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Redio mle ndani haina kazi. Muziki wao ulikuwa wa kantini, muda wa mapumziko, redio ya Baba Neema imewekwa katikati ya meza na watu wameizunguka wanakula haraka haraka, vinyuzi vya pamba vimejaa kwenye nywele na kwenye nyusi, kina mama wanaonekana wazee wote.

Kipindi kilikuwa cha salamu. Mtangazaji anasoma kadi, fulani wa fulani anawasalimu wafuatao, ujumbe wake ni huu. Ghafla nikasikia jina la Mama, jina lake kamili, wa Mwatex Mwanza, anawasalimu wapiganaji wote walio mstari wa mbele, wa kwanza akiwa mwanangu, akamtaja Kaka. Ujumbe wake unasema: shati lako la bluu nimelifua, lipo sandukuni.

Yule mtangazaji akausoma vile vile kwa heshima zote kama anasoma tangazo la serikali. Kantini ikalipuka vigelegele, kuna mama mmoja akaanza kulia, maana na yeye alikuwa na mdogo wake kule, na wimbo ulipoingia mwingine akasimama akacheza na sahani mkononi. Mama hakusimama. Alikaa kaishika ile meza kwa mikono miwili mpaka wimbo ukaisha, akanifuta uso bila sababu, akarudi kwenye mashine yake.

Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, sauti ya Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliompinga Amin, ikasikika Radio Uganda yenyewe kwamba serikali ya Amin imepinduliwa. Kaka alirudi baadaye sana, kakonda ila mzima.

Mama hata hakungoja amalize chai. "Mwanangu, salamu zangu ulizisikia?"

"Hapana Mama, sikuzisikia."

Akaona uso wa Mama umebadilika, akaanza kueleza. Kwenye kikosi chao redio ilikuwa na kijana mmoja tu, salamu zikianza kila mtu ananyamaza, akitajwa mama wa yeyote yule ni kama wametajwa wa kwao wote. Akasema Januari, kabla hawajavuka mpaka pale Mutukula, ndo walisikia mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, na wanaume wazima wenye bunduki walilia. Walitaka kusikiliza nyimbo zake usiku ule, betri zikakata. Basi wakatoa betri za kwenye tochi zao, kila mwenye tochi katoa, redio ikaendelea.

Mama akamwangalia. "Tochi hazina betri, na giza lote lile, sasa mlikuwa mnatembeaje?"

"Tulishikana mashati, Mama."