Kambale wa Bahi na mvua zetu chache

Wageni wanaohamia Dodoma hushangaa wanapoambiwa kwamba mbuga ya Bahi, ambayo kiangazi kikikolea huweza kubaki udongo mtupu uliopasuka, hutoa samaki. Mbuga hiyo hulishwa na Mto Bubu, na mkoa wetu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Samaki wachache huyamudu mazingira hayo kama kambale, ambaye kitaalamu huitwa Clarias gariepinus.

Mtazame akiwa bado hai katika beseni la muuzaji. Kichwa chake ni kipana, kigumu na kilichobapa, macho ni madogo, na mdomo umezungukwa na sharubu nane anazopapasia chakula usiku na katika maji ya tope. Mwili hauna gamba hata moja, ila ute unaomfanya aponyoke mkononi. Kwa kukosa magamba huko, majirani zangu Wasabato hawamli, jambo ambalo sisi wengine hatulilalamikii. Kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu, na anayemtengeneza bila uangalifu huchomwa.

Ajabu yake kubwa imo ndani. Ukifunua kifuniko cha shavu, utaona juu ya matamvua kiungo chekundu chenye vijitawi vingi, mfano wa mti mdogo, ambacho humwezesha kuvuta hewa moja kwa moja. Ndiyo maana kila baada ya muda hupanda juu, akapiga funda la hewa na kuzama tena. Dimbwi linapokauka na wenzake kufa, yeye hujichimbia katika tope lenye unyevu, au hujikokota nchi kavu usiku, akijisukuma kwa ile miiba, kutafuta maji mengine.

Kuzaliana kwake husubiri mvua. Mito inapofurika, kambale huyaacha maji ya kina na kwenda kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko mapya, na huko, usiku, dume hujikunja kukizunguka kichwa cha jike kwa sekunde chache, kisha jike huyatawanya mayai kwa mkia, nayo hunata kwenye majani. Jike mmoja mkubwa huweza kutaga makumi ya maelfu, lakini wazazi hawayalindi, huondoka. Katika maji ya vuguvugu mayai huanguliwa kwa siku moja hivi, na vifaranga huishi kwa kiini chao siku chache kabla ya kuanza kuwinda wadudu wadogo wa majini. Wengi huliwa na ndege, na wengine hukwama madimbwi yanapojitenga na mto.

Safari hiyo ya kwenda kutaga ndiyo pia humponza, kwa kuwa kambale waliojaa mayai hupita kwa wingi katika vijito vyembamba ambavyo wavu mmoja hutosha kuviziba. Binafsi ningependa vijito hivyo viachwe wazi walau katika majuma ya mafuriko ya kwanza, hata kama kitoweo kitaadimika kidogo mwezi huo.