Futi 4,000

Mwanzoni mwa mwaka 2003 nilikuwa najifunza kazi katika mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza, na mkuu wa zamu yetu alikuwa mzee mmoja ambaye hakuwa na desturi ya kufundisha jambo bila kwanza kututega kwa swali. Siku ninayoikumbuka, ndege ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa, na wadudu wa ziwani walikuwa wameng'ang'ania vioo vya upande wa magharibi hata ikabidi tuvifute kwa gazeti. Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba mahakama ya kijeshi ya Uingereza imemwachia huru mwongoza ndege wa jeshi la anga la nchi hiyo, aliyeshtakiwa kwa uzembe uliodaiwa kusababisha vifo vya marubani wawili.

Alitusimulia kisa chenyewe akiwa amesimama, mgongo kwa dirisha. Tarehe 26 Machi 2001, ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 ziliruka kutoka kambi ya Lakenheath, mashariki mwa Uingereza, kwenda kufanya mazoezi ya kuruka chini chini katika milima ya Scotland. Kila moja ilikuwa na rubani mmoja. Mwongozaji aliyekuwa kwenye rada ya kituo cha Leuchars aliwaruhusu kushuka hadi futi 4,000. Mbele yao, ndani ya mawingu na theluji, ulikuwapo mlima Ben Macdui, wa pili kwa urefu katika Uingereza yote, ambao kilele chake kiko futi 4,295 juu ya usawa wa bahari. Mabaki ya ndege yalipatikana karibu na kilele, na marubani wote wawili walikufa.

Hapo ndipo lilipokuja swali lake. "Haya, kijana wangu, rubani yuko juu ya uwanja wetu, anaomba kushuka, nawe unampa hizo hizo futi 4,000. Yuko wapi?"

Mtu wa Dar es Salaam angejibu kwamba yuko juu sana. Lakini uwanja wa Mwanza wenyewe umejengwa kwenye mwinuko wa futi 3,763, kwa kuwa Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jambo ambalo wengi waliozaliwa kando yake hawalifikirii kabisa, kwani nani huogelea akawaza kuwa yuko mlimani? Nilitoa hesabu kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya safari: zilibaki futi 237, yaani mita 72 hivi kutoka kwenye lami.

"Na vile vilima vya mawe?" akauliza, akionyesha kwa kidevu.

Sikujibu, naye hakungoja jibu. Alitueleza kwamba altimita, kifaa kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, hupima shinikizo la hewa tu, na ikishawekwa kwa usawa wa bahari, itasoma futi 4,000 zile zile juu ya maji ya Zanzibar na ndani ya wingu lililoficha jabali. Haijui ardhi iko wapi. Anayepaswa kujua ni mtu, na ubishi wetu wa asubuhi nzima ulikuwa juu ya mtu gani.

Mwenzangu mmoja, dada wa Musoma ambaye hakuwa mwepesi wa kukubali neno la mkubwa, alishikilia kwamba mahakama ilitenda haki. "Mzee, rubani ana ramani mapajani. Anayeomba kushuka ndiye wa kutazama anaposhukia." Mimi niliona vingine. Mtu aliye ndani ya wingu, akisikia sauti ya mwenzake aliye mbele ya rada ikimruhusu kushuka, huichukua ruhusa hiyo kuwa ni ahadi kwamba chini ni salama. Sisi Mwanza wakati huo hatukuwa na rada. Tulipanga ndege kwa redio, saa na vikaratasi, na pengine ndiyo sababu nilimwona mwenye rada kuwa na deni kubwa kuliko wengine. Mzee alitusikiliza wote wawili, kisha akauliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa aliyeandika taratibu zilizowaacha watu watatu, wote wenye mafunzo, kila mmoja akidhani mlima unaangaliwa na mwenzake.

Swali hilo hatukulimaliza, kwa sababu Dar es Salaam iliita redioni. Baadaye mzee alituagiza tuandike 3,763 kwa wino mwekundu juu ya meza ya zamu. Yule dada alihamishiwa kituo kingine miaka michache iliyofuata, lakini kila akija Mwanza hunipigia simu, tunakutana Kirumba kwa sangara wa kukaanga, na kabla sahani hazijafika ananiuliza kama bado namtia hatiani yule Mwingereza. Bado namtia hatiani, ila si peke yake, naye husema huo ni ujanja wa mtu aliyeshindwa.