Siku moja na wamishenari wasio na dawa

Saa kumi na moja alfajiri. Niko Kisauni nafuta vioo vya gari, nishakunywa chai ya rangi na mahamri, simu inalia. Ni pasta. Ati kambi ya matibabu ya Rabai imekufa, kibali cha wale madaktari wa kizungu hakijatoka na maboksi ya dawa bado yako bandarini. Mimi nikauliza swali moja tu, na hela ya gari je? Akacheka, akasema wewe njoo. Sasa mnijue vizuri, mimi ni dereva, gari ni matatu niliyoitoa kwa ruti nikaanza kubeba wageni, na wamishenari nimewabeba wengi sana, kazi yangu huwa ni kuwafikisha halafu nalaza kiti nalala wao wakiomba. Kanisani mimi ni mtu wa Pasaka na harusi.

Saa moja, Nyali. Nawakuta wageni wamekaa barazani kama watu walioachwa na basi. Wametoka Marekani, wametumia likizo zao, wengine wamechangiwa nauli na makanisa ya kwao, na sasa hawaruhusiwi kushika mgonjwa. Kusema kweli mimi sheria hiyo naiona ni sawa, hata mimi siwezi kwenda kwao nikabeba abiria bila karatasi. Lakini daktari wao mkubwa, mama mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekasirika waziwazi. Mwenzake anamwambia Mungu ana mpango, yeye anamjibu mpango gani huo wa kuwafungia watu dawa kwa kontena. Nikampenda hapo hapo.

Pasta akasema tunaenda hivyo hivyo, wale watu hawana habari, washafika wanangoja.

Saa mbili. Kabla ya kuvuka daraja la Nyali nikawapitisha Mkomani kwenye kaburi la mkewe Krapf, yule mmishenari wa zamani, maana mtu ukishazoea kutembeza watalii mdomo haunyamazi. Nikawapa stori yake. Krapf alikuwa Mjerumani, alitumwa na wamishenari wa Uingereza, shida yake ilikuwa Ethiopia, huko ndiko alikotaka kwenda kwa Waoromo, akafungiwa mlango asirudi, ndiyo akaangukia huku kwetu 1844. Hata miezi mitatu haijaisha Mombasa, mke akafa, na mtoto mchanga naye akafa. Wamezikwa pale. Mmishenari mwenzake, Rebmann, akaja kuungana naye 1846, wakapanda Rabai, na huyo Rebmann alikaa mpaka 1875. Yule daktari alisimama kaburini muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa hivyo hapa hakukuwa mpango wake? Nikamwambia mama, mimi ni dereva.

Changamwe jamu, malori ya bandarini yamefunga kila kitu, tuliache hilo.

Saa nne na nusu, Rabai. Kweli watu wamejaa chini ya mwembe, wengine wametoka nyumbani usiku. Pasta amekwenda kituo cha afya akaongea na sista wa zamu, akakubali kuja na mashine yake ya presha na msaidizi mmoja. Basi kazi ikageuka, sista anapima, wageni wanaandika majina, wanapanga viti, wanachota maji. Yule daktari amekaa kwenye kigoda na biro, anaandika namba anazotajiwa na sista ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, mstari kwa mstari, hasemi neno. Bibi mmoja alikuja na kadi zake za kliniki ndani ya kopo la Kimbo, amezifunga na leso na uzi, na kuzifungua tu ilichukua dakika kama tano. Daktari akangoja. Akazipokea moja moja, akazipanga kwa tarehe kwenye magoti yake, akazirudisha, wakafunga ule uzi pamoja. Sijui kama hiyo ni kazi ya Mungu au ni ya karani, ila sikulala kwa gari siku hiyo.

Saa nane. Sista ananiita, kuna mzee presha imepanda vibaya, aende Mariakani hospitali sasa hivi na gari ni hili langu. Tukamlaza kiti cha nyuma, mkewe kando. Tukishatoka Mazeras yule mama akaniambia, mwanangu, muombee mzee.

"Mama, mimi ni dereva tu."

"Kwani dereva hana mdomo?"

Nikaomba macho wazi, mikono kwa usukani, lori liko mbele yangu, kwa Kigiriama maana ndiyo lugha iliyokuja yenyewe. Mwanzo nilimwambia Mungu huyu mzee asinifie kwa gari, halafu nikaona hayo si maombi, nikaongeza ya maana. Mama anaitikia amina kila nikivuta pumzi, ikabidi niendelee, na nikaendelea mpaka geti la hospitali, nikamuombea na sista, nikawaombea wageni, hata yale maboksi yao. Mimi!

Saa kumi na mbili nimewarudisha Nyali. Hawakuongea sana njiani, ila daktari aliuliza mara mbili habari ya mzee.

Saa tatu usiku. Yule mama amenipigia, mzee amelazwa, presha imeshuka kidogo. Pasta naye amepiga, kesho wanapanda tena Rabai, kibali kije kisije, hela ya gari ni nusu. Nilikuwa na watalii wa Diani kesho, pesa nzuri tu, nimewatafutia dereva mwingine. Mke wangu ameniangalia akaniuliza kama nimerogwa.

Sasa naweka simu chaji, kesho natoka mapema nipitie wapi wanauza kigoda kingine.