Jinsi nilivyotuliza mazimwi yanayokimbia kupita kiasi kwenye mchezo wa mahandaki wa DOS

Dalili ni hii: bado unageuka kona, zimwi limeshakupiga na kurudi nyuma. Silaha na uchawi havina kosa. Baadhi ya michezo ya zamani ilipima muda kwa kasi ya prosesa, na DOSBox (programu inayoendesha michezo ya DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, kwenye mashine za leo) ikiwa kwenye cycles=auto, yaani ikijipangia yenyewe kasi ya prosesa inayoiga, mchezo unaotumia hali iliyolindwa ya prosesa (protected mode) hupewa nguvu zote za mashine. Isiyoitumia huanzia cycles 3000 tu, ndiyo maana huenda mmoja ukasumbua na mwingine ukatulia.

Nilifungua faili ya mipangilio ya DOSBox, sehemu ya [cpu], nikaandika:

cycles=fixed 12000

Kisha pimia ndani ya handaki lenyewe, maana menyu hudanganya. Simama mbele ya zimwi: Ctrl+F11 hupunguza kasi, Ctrl+F12 huongeza, na namba huonekana juu ya dirisha. Ukipata kasi inayokupa nafasi ya kupiga na kukwepa, iandike kwenye faili, la sivyo itapotea ukifunga. Sauti ikianza kukwaruza baada ya kuongeza, kompyuta imezidiwa, rudi chini.